Utabiri Haukusema Mawe: Mkulima wa Dodoma Ajipange Vipi?

Msimu uliopita simu yangu iliita jioni. Ni mama mmoja wa Mpunguzi ninayemtembelea. "Bwana shamba, ulisema mvua za wastani. Hukusema mawe. Zabibu zangu zimelala chini."

Nilikosa jibu. Kweli, mimi ndiye niliyemsomea utabiri wa msimu, na sikumwambia kwamba utabiri ule hauna habari za mawe. Leo nalipa deni hilo.

Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) unatueleza mvua zetu za Novemba hadi Aprili zitaanza lini, zitaisha lini, na kama zitazidi wastani au zitapungua. Unakusaidia kuchagua mbegu na wakati wa kupanda. Mvua ya mawe ni jambo jingine. Huanguka dakika chache kwenye ukanda mwembamba. Lako linapigwa, la jirani linabaki salama. Hakuna mtaalamu wa kulitaja shamba lako wiki moja kabla.

Kwa nini? Hata kwenye joto letu hili, ukipanda angani kama kilomita 5 unakuta baridi ya kugandisha maji. Wingu la radi hupita hapo na kufika kilomita 12 au zaidi. Ndani yake chembe ya barafu hurushwa juu na upepo, maji yanaigandia, inanenepa mpaka upepo unashindwa kuibeba. Ikishuka huyeyuka njiani. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hivyo njia ya kuyeyukia ni fupi kuliko Dar es Salaam.

Ulaya na Marekani nao wana fumbo lao wakati wa baridi. Theluji ikipita kwenye hewa ya joto inakuwa mvua. Ikikuta baridi nene karibu na ardhi inaganda tena kuwa punje za barafu. Baridi ikiwa nyembamba, tone linaganda likigusa barabara. Nyuzi moja au mbili tu zinageuza utabiri wote. Wana mitambo mingi, na bado wanakosea.

Tusifanye mzaha. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo ilibomoa nyumba kijijini Mwakata, Kahama, na watu wapatao 40 wakafariki.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, usiishie kwenye utabiri wa msimu. Fuatilia wa kila siku na tahadhari za TMA. Ukisikia radi na upepo mkali, jiandae.

Pili, tazama anga. Asubuhi ya joto la kukaba, mawingu yanapanda kama mnara mchana, chini yameiva weusi, kisha upepo wa baridi ghafla: acha jembe. Ingia kwenye nyumba imara, siyo chini ya mbuyu.

Tatu, yakishapiga, usikimbilie kung'oa. Mahindi na mtama machanga, kiini chake bado kiko chini ya udongo. Subiri siku 7 hadi 10. Ukiona jani jipya, yaache. Alizeti iliyokatwa kichwa haitatoa kingine cha maana. Kwenye zabibu, kata matawi yaliyovunjika, vuna haraka yaliyoiva, na uliza afisa ugani wako dawa ya ukungu, maana vidonda ndiyo mlango wa ugonjwa.

Nne, usiweke vyote kapu moja. Mtama huku, alizeti kule, mashamba yakiwa mbalimbali, ni vigumu mawe kuchukua yote.

Yule mama alikata, akapiga dawa, akaokoa sehemu ya mavuno. Msimu huu nimemsomea utabiri tena. Nilipomaliza akaniuliza, "Na mawe?" Nikamjibu, "Mama, hayo tutayatazama pamoja, siku kwa siku."

Tuonane shambani.