Petroli: Ghali kwa Nani, Rahisi kwa Nani?

Mwaka 2022 bei ya petroli nchini Tanzania ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni ili kuipunguza. Wenye magari walishukuru. Lakini ruzuku hufuata lita: anayejaza tangi hupata fungu kubwa kuliko mama anayepanda daladala. Hata hivyo, bei ikipanda, mama huyo ndiye wa kwanza kuumia, kwa nauli na kwa nyanya za sokoni. Basi sisi wenye magari, kabla ya kulalamika, tujiulize: safari zetu ngapi ni za haja, na ngapi ni israfu? Na jirani aendaye msikitini kwa miguu, je, tumempa kiti kilicho wazi?