Akiumwa na Nyoka, Usimfunge Kamba

Mwezi uliopita nilisaidia mkutano wa wataalamu wa wanyama wenye sumu. Wageni tuliwapokea Jinja, tukapanda basi nao mpaka Mbale. Kazi yangu ilikuwa kupanga viti na kuandika majina, lakini masikio nilitega.

Kumbe kifutu hakimbii watu. Analala tu njiani, ukimkanyaga anauma. Aliyeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba, maana damu haipiti, mguu unaoza. Jiwe jeusi halinyonyi sumu. Mvue viatu na pete, atulie, abebwe haraka hospitali. Kinachoshinda sumu ni dawa yake ya sindano.

Mwaka jana mimi mwenyewe nilimfunga jirani kamba. Mungu alisaidia, alipona. Wazazi, usiku msitoke bila tochi.