Chenga kwenye picha: kinyonga wetu ana ndevu au hana?

Mwezi uliopita tulipanda Uluguru kwa njia ya Morningside, wanafunzi watatu na kamera moja ndogo ya mfukoni, ya kuazima. Ndani ya msitu, mwenzetu mmoja akamwona kinyonga mdogo ajabu, rangi ya jani kavu, ametulia kwenye kijiti. Tukampiga picha kama 20, tukashuka mjini tukijisifu.

Tulipozifungua kwenye kompyuta, furaha iliisha. Nusu ya picha zilijaa chenga kama televisheni isiyoshika stesheni. Nusu nyingine zilikuwa laini, lakini ngozi ya kinyonga ilifanana na plastiki iliyoyeyuka.

Hasara iko wapi? Uluguru ina zaidi ya aina moja ya vinyonga wadogo wa namna hii. Yupo *Rhampholeon uluguruensis*, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1996, na yupo *Rieppeleon brevicaudatus*, ambaye ana magamba madogo yanayoning'inia chini ya mdomo kama ndevu. Sasa sisi tulipaswa kutazama ndevu, na ndevu hazionekani.

Chenga zinatoka wapi?

Mwanga hauji kama maji ya bomba, unakuja kama matone ya mvua. Kila tone ni chembe moja ya mwanga, fotoni. Panga vikombe kumi uani mvua ikinyesha kidogo. Ukihesabu matone, vikombe vingi havitalingana sawasawa, japo mvua ni ile ile. Kama wastani ni matone 100, vikombe vitapishana kwa takriban 10, yaani asilimia 10. Mvua ikiwa kubwa na wastani ukafika 10,000, vitapishana kwa takriban 100, yaani asilimia 1 tu.

Pikseli za kamera ndiyo hivyo vikombe, na kupishana kwao ndiyo chenga unazoziona. Chini ya miti minene ya msitu wa mvua, mwanga unaofika ardhini mara nyingi ni asilimia 1 au 2 tu ya ule wa juu ya miti. Hapo ongeza ukungu wa Uluguru!

Kamera ndogo, kikombe kidogo

Kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kwenye kamera nyingi za mfukoni kina kama milimita 6.2 kwa 4.6. Kile cha kamera kubwa za kitaalamu kina 36 kwa 24. Eneo linazidi kwa takriban mara 30. Ndiyo maana megapikseli nyingi pekee hazisaidii: unagawa mvua ile ile kwenye vikombe vidogo zaidi.

Na ISO je? Wengi wanasema ISO kubwa "inaleta" chenga. Si hivyo hasa. ISO ni kama kuongeza sauti ya redio yenye mkwaruzo: wimbo unasikika, na mkwaruzo nao unasikika. Ukishusha ISO picha ikatoka giza, halafu ukaing'arisha kwenye kompyuta, chenga zitajitokeza vilevile. Dawa ni mwanga zaidi.

Pima mwenyewe

Unataka kulinganisha kamera mbili? Ziweke kwenye stendi, mwanga ule ule. Piga ukuta mtupu wa rangi moja pamoja na kitu chenye nyuzinyuzi, mfano mkeka. Tumia ISO 100, 400 na 1600, huku picha zote ziwe na mng'ao sawa. Kisha zitazame kwa ukubwa mmoja. Ukuta utakuonyesha chenga. Mkeka utakuonyesha kama kamera inafuta chenga kwa kufuta na nyuzi. Ukitazama ukuta peke yake utadanganyika.

Huko ndiko ndevu zetu zilikopotelea. Programu ndani ya kamera huchanganya pikseli jirani ili kulainisha. Haijui kutofautisha chenga na gamba dogo, kwa hiyo inafuta vyote.

Ufanye nini msituni?

Kwanza, tafuta mwanga. Tumia flashi iliyofunikwa karatasi nyeupe laini, au tochi iliyoshikwa na mwenzako pembeni. Usivute zumu hadi mwisho, maana kwa kamera nyingi ndogo tundu la lenzi hupungua. Sogea wewe, taratibu.

Pili, kama kamera inaruhusu, hifadhi kwa mtindo wa RAW, au weka ulainishaji kiwango cha chini. Chenga unaweza kuzipunguza baadaye, lakini gamba lililofutwa halirudi.

Tatu, piga picha nyingi za kitu kisichotikisika, kisha zitafutie wastani kwa programu ya bure kama ImageJ. Chenga huangukia mahali tofauti kila picha, ndevu zinabaki palepale. Picha 4 zinapunguza chenga hadi nusu, 16 hadi robo. Vinyonga hawa hulala usiku kwenye vijiti na majani ya chini, kwa hiyo ukiwa na stendi na tochi, bila kumgusa, unaweza kufanikiwa.

Kinyonga wetu tumemwandika daftarini "hajatambuliwa". Inauma, lakini ni afadhali kuliko kumpa jina kwa kubahatisha. Safari ijayo tunabeba stendi.