Maradhi ya Mpasheni na Namna ya Kuyatambua

Ua wa mipasheni ulio nyuma ya jiko la shule twaujua sote, hata wale wasiopenda kushika jembe. Matunda yake huuzwa, na fedha zake hununua mbegu za bustani. Muhula huu mashina matatu yamekufa, na wenzangu wengi wanataka tupige dawa ua mzima. Mimi naona yafaa tujue kwanza mmea unaugua nini, maana dawa ya maradhi haya siyo dawa ya yale.

Kunyauka ndiko kubaya kuliko yote. Majani hulegea mchana, na baada ya siku chache mmea wote hukauka ungali na matunda mabichi. Mtu akiuona hudhani una kiu, akauzidishia maji. Chukua kisu, ukate shina karibu na ardhi. Ukiona mti wa ndani umegeuka rangi ya kahawia, basi yaelekea sana kuwa ni kuvu iitwayo fuzariamu. Hiyo hukaa udongoni miaka mingi, huingia kwa mizizi na kuziba njia za maji. Dawa ya kunyunyizia majani haiifikii kabisa. Ng'oa mmea pamoja na mizizi, uuchome moto, wala usipande mpasheni mwingine katika shimo lile. Mashina yetu matatu yalikuwa ya kahawia ndani.

Ikiwa ndani ni peupe, fukua mizizi. Ikiwa na vinundu kama shanga, walaji ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho.

Maradhi ya pili hujulikana kwa tunda: dogo, gumu, ganda nene kama ubao, na maji yake haba. Majani nayo huwa na mabaka ya manjano na kukunjamana. Haya ni ya virusi, nayo hayana dawa. Huenezwa na vidukari, na pia na kisu kitokacho mmea mgonjwa kwenda mzima. Kwa hiyo kisu hakina budi kuoshwa kwa sabuni kila mmea.

Madoa ya kahawia juu ya majani na matunda, hayo ndiyo hasa ya kupigiwa dawa ya mrututu, baada ya kupunguza matawi ili hewa ipite. Dawa hulinda majani mazima. Yaliyokwisha kuoza haiyaponyi.

Kwa kunyauka, njia iliyobaki ni kubebesha. Mpasheni wa zambarau, tuupandao hapa kwenye baridi, huunganishwa juu ya shina la mpasheni wa manjano, ambao huistahimili fuzariamu. Kiungo kiwe juu sana ya udongo, kisije kikaguswa na matope ya mvua. Mpasheni wa manjano hustawi pwani. Wazazi walioko huko twawaomba watupelekee mbegu kabla ya muhula ujao kufunguliwa.