Sauti ya Tarumbeta Bila Mpigaji: Vyombo Rahisi vya Kutolea Sauti Jukwaani

Katika kambi ya polisi ninamoishi kipo kikundi cha nyimbo na maigizo cha akina mama, vijana na askari wachache wanaopata nafasi baada ya zamu. Mimi si askari. Anayevaa sare nyumbani kwetu ni mke wangu. Mimi ni mtumishi wa ofisi ya wilaya. Lakini kwa kuwa nilisomea ualimu, na chuoni tulifundishwa muziki kidogo, kikundi kilinikabidhi kazi ya kusimamia sauti.

Mwaka 2023 tulitayarisha mchezo wa kuwakumbuka askari waliofariki kazini. Mwishoni mwa mchezo huo tarumbeta ilipaswa kulia peke yake, kisha watu wakae kimya. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mpiga tarumbeta wetu akapata uhamisho wa kwenda mbali. Kabla hajafunga mizigo tulimwomba ruhusa, tukainasa sauti yake kwa simu nyuma ya ghala, naye akaondoka.

Siku ilipofika niliiunganisha simu na spika kwa njia isiyo na waya. Mwigizaji akainua mkono kupiga saluti, nami nikabonyeza. Mkono ulifika kwenye paji la uso, tarumbeta haikuwa imeanza. Ikaanza imechelewa, na kabla haijafika katikati, simu ikapokea tangazo la biashara kwa mlio wa kengele, uliotoka katika spika na kusikika hadi langoni. Katika safu ya mbele alikuwa amekaa mjane wa mmoja wa wale tuliokuwa tukiwakumbuka. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ambayo kikundi chochote cha kambini, cha kanisani au cha shuleni kinaweza kuyafanya kwa fedha kidogo.

Kwanza tuutazame ucheleweshaji, maana ndio adui mkubwa. Askari aliyewahi kusimama mbali na mzinga anajua kwamba moshi huonekana kabla ya mshindo kusikika. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti iliyochelewa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde ni sawa na ya mpiga ngoma aliyesimama mita tatu na kidogo kutoka kwako. Hapo hakuna anayetambua lolote. Lakini spika isiyo na waya huweza kuchelewesha kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Hiyo ni sawa na kumweka mpiga ngoma wako mita 68 mbali, yaani upana mzima wa uwanja wa mpira, kisha umtake aende sambamba na waimbaji. Dawa yake ni waya tu: mmoja mwembamba kutoka tundu la masikizi la simu hadi kwenye amplifaya. Simu nyingi za siku hizi hazina tundu hilo, ila zile za zamani zinalo, na hii ni sababu mojawapo ya kutoitupa simu kuukuu.

Mtu atauliza, je, kazi hii haihitaji mitambo maalumu? Zamani ilihitaji. Mwaka 1963 huko Birmingham, Uingereza, ilianza kutengenezwa kinanda kiitwacho Mellotron, ambacho kila kipande chake kilivuta ukanda wenye sauti iliyonaswa, nao ulidumu kiasi cha sekunde nane tu. Mwaka 1979 ikaja kompyuta ya muziki ya Fairlight kutoka Sydney, Australia, na bei yake ilikaribia ile ya nyumba. Mwaka 1988 kampuni ya Akai ya Japani ikatoa MPC60, iliyobuniwa pamoja na Mmarekani Roger Linn, yenye vibao 16 vya kugonga kwa vidole. Leo simu iliyopasuka kioo, iliyolala katika droo yako pamoja na betri za tochi, ina nafasi ya kuhifadhi sauti kuliko mitambo yote mitatu ikiwekwa pamoja.

Zipo programu za simu, nyingine za bure, zinazoonyesha vibao kama vile vya MPC juu ya kioo, na kila kibao hupewa sauti yake. Kasoro yake ni kwamba kidole hakihisi kitu juu ya kioo. Katika giza la jukwaa utabonyeza mahali pasipo, nami nimekwisha kufanya hivyo mara mbili.

Ndipo fundi redio wa sokoni akanionyesha jambo lililonifurahisha sana. Chukua kipanya cha kompyuta cha waya, hata kama kimechakaa. Ukikifungua, chini ya kitufe cha kushoto utaona swichi ndogo yenye miguu ya chuma. Kila inapobonyezwa, miguu miwili huungana. Fundi aliichunguza kwa mita ili aijue miguu hiyo, akalehemu kila mmoja waya wake, kisha nyaya zile akazipeleka kwenye kitufe cha kengele ya mlango alichokipigilia misumari kwenye kipande cha ubao. Kipanya kikachomekwa kwenye simu kwa kiunganishi kidogo, mshale ukawekwa juu ya kibao cha tarumbeta, na kipanya chenyewe kikabandikwa kwa gundi ya karatasi kisisogee. Sasa ninakanyaga kwa mguu, na mikono yangu iko huru kupiga ngoma. Gharama kubwa ilikuwa ujira wa fundi.

Anayetaka kugonga kwa fimbo atafute kile kisahani chembamba cha shaba kinachotoa mlio ndani ya saa za mezani. Kikibandikwa chini ya ubao uliofunikwa mpira wa ndala, kila pigo hutoa umeme kidogo. Bodi ndogo kama Arduino Leonardo huweza kuupokea na kuituma kompyuta herufi moja, nayo kompyuta ikatoa sauti. Kati ya nyaya mbili za kisahani huwekwa kizuizi cha megaomu moja. Hapa yahitajika kijana anayejua kuandika programu, lakini katika kambi zetu vijana wa namna hiyo hawakosekani. Kazi ni kuwaondoa kwenye mpira.

Yaliyobaki ni madogo, ila ndiyo huharibu shughuli. Kata kimya chote kilicho mwanzoni mwa sauti iliyonaswa. Ihifadhi kama WAV, kwa maana MP3 mara nyingi huongeza kimya kidogo mbele. Simu iwe katika hali ya ndege, laini ya simu itolewe kabisa, saa ya kuamsha izimwe. Usiichaji wakati wa mchezo, kwani chaja nyingi huleta mvumo katika spika. Na simu ya pili yenye sauti zilezile iwe mfukoni mwa mtu aliye macho.

Mchezo tuliurudia mwaka 2024, na tarumbeta ikalia mkono ulipogusa paji la uso. Mjane yule alikuwapo tena. Baadaye mpiga tarumbeta alikuja likizo, tukamketisha mbele ya spika nami nikakanyaga kengele. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema kwamba siku ile nyuma ya ghala alikuwa amechoka kwa kubeba masanduku, pumzi ilimwishia kwenye sauti ya mwisho, na kwamba kama hatutaona taabu angependa tuinase upya kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali.