Pumzi Iwashayo Gari

Katika jimbo la New Mexico, Marekani, ambalo mwaka 2005 lilikuwa la kwanza kulazimisha kwamba kila apatikanaye na hatia ya kuendesha gari akiwa amelewa, hata kwa mara ya kwanza, afungiwe garini chombo cha kupima pumzi, hukumu haikomi kwenye faini na kunyang'anywa leseni. Mkosaji huachiwa njia ya kurudi barabarani, lakini njia yenye mlinzi.

Dereva hupuliza mrija, na ndani ya chombo kibamba chenye platinamu huigeuza spiriti iliyomo pumzini kuwa umeme kidogo, ambao ukizidi kiwango kilichowekwa, gari halikubali kuwaka. Wala hila ya kumtuma rafiki apulize haifui dafu, kwani safarini chombo hudai pumzi tena na tena. Ikipatikana na kileo, injini haizimwi, maana kuizima katikati ya magari kungekuwa balaa juu ya balaa, bali kosa huandikwa, na aghalabu honi hulia hadi aibu imwingie mwenyewe. (Hata dawa ya kusukutulia kinywa yaweza kumponza asiyeonja tone.)

Muda ni mwaka 1 kwa kosa la kwanza, 2 kwa la pili, 3 kwa la tatu, na kwa la nne ni maisha, ijapokuwa kila baada ya miaka 5 mahakama huweza kuutazama upya muda huo. Gharama ni juu ya mkosaji, ila fukara husaidiwa na mfuko wa serikali, jambo ambalo naliona la insafu, kwa kuwa katika jimbo lile pana, asiyemudu kukodi chombo angeendesha bila leseni.