Tufaha lililobonyea si la kutupwa, lipike jamu

Mwezi ukiwa kona, mkate mkavu na chai ya rangi ndicho kiamshakinywa cha wengi wetu mtaani. Ukitamani kitu kitamu cha kupaka, jamu ya dukani inakutazama kutoka rafuni na bei yake, nawe unapita kama hamjuani.

Kabla hujakata tamaa, pitia kwa mchuuzi wa matunda jioni anapofunga kazi. Pembeni mwa kibanda utaona matufaha ambayo hakuna aliyeyataka. Moja limebonyea, jingine lina mkwaruzo, la tatu ngozi imeanza kukunjamana. Matufaha mengi tunayokula hapa nchini hutoka Afrika Kusini, na safari hiyo ndefu haikosi majeraha. Ongea naye vizuri, huenda akakuachia fungu zima kwa bei ya kutupa.

Lakini chunga hapa. Tufaha lililobonyea na tufaha lililooza si kitu kimoja. Lililobonyea bado ni gumu na linanukia vizuri, na ukikata ile sehemu ya kahawia, lililobaki ni safi. Lililooza limelainika, linanuka uchachu au limeota ukungu. Hilo litupe lote, usilionee huruma. Ukungu wa matufaha unaweza kutoa sumu iitwayo patulini, na moto wa jikoni hauimalizi. Usidanganywe kwamba ‘ukichemsha sana itakuwa sawa’.

Sasa washa jiko. Unahitaji kilo moja ya matufaha yaliyosafishwa na kukatwa vipande vidogo, gramu 700 za sukari, malimau mawili na glasi moja ya maji. Vipande vikiwa vidogo huiva haraka, na gesi haiendi bure.

Maganda na viini usitupe. Toa mbegu, kisha vifunge kwenye kitambaa safi na uvichemshe pamoja na matunda. Humo ndimo mna pektini kwa wingi, kitu kinachofanya jamu igande. Kamulia malimau, funika sufuria na upike kwa moto mdogo dakika 20 hivi, mpaka vipande vilainike. Toa kitambaa, ukikamue, kisha ponda matunda kwa mwiko.

Tia sukari na ukoroge mpaka iyeyuke yote, ndipo uongeze moto. Jamu ikianza kutokota hurukaruka na kuchoma vibaya, kwa hivyo vaa nguo ya mikono mirefu na usiiache ukaenda kuchati. Baada ya dakika 10 hivi, dondoshea kidogo kwenye kisahani kilichopoa. Subiri dakika moja, kisha isukume kwa kidole. Ikijikunja, imeiva. Ikitiririka kama uji, irudishe motoni.

Wakati huo, chupa zako za glasi na vifuniko vyake viwe vimechemshwa dakika 10 kwenye sufuria nyingine. Mimina jamu ya moto kwenye chupa ya moto na ufunge kabisa. Chupa ya plastiki usijaribu, itajikunja mbele ya macho yako. Kipimo hiki hutoa chupa tatu hivi za gramu 400.

Najua unachofikiria: sukari yote hiyo ya nini? Si utamu tu. Sukari huyafunga maji yaliyomo kwenye tunda, vijidudu vikakosa maji ya kuishi. Ukiipunguza kwa nusu, chakula kitakuwa kitamu bado, lakini kile ni kitoweo cha kuliwa siku mbili tatu, si jamu ya kuweka. Iliyofungwa vizuri hukaa miezi kadhaa mahali penye ubaridi na giza. Ukishaifungua, iweke kwenye friji. Kama huna friji, tumia chupa ndogo, chota kwa kijiko kikavu na uimalize upesi.

Je, umebaki na matufaha mawili na wageni wako mlangoni? Huhitaji ovena. Yapike na vijiko viwili vya sukari, mdalasini na maji kidogo mpaka yalainike. Kwenye kikaango, fikicha kikombe kimoja cha unga wa ngano na vijiko vitatu vikubwa vya majarini na viwili vya sukari, kisha ukaange kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka unga uwe wa rangi ya dhahabu na uwe na chengachenga. Unyunyize juu ya matunda na upakue yakiwa moto. Wataitisha nyingine.

Marafiki wakianza kusema ‘hii unaweza kuuza’, usiingie baridi, lakini usikimbilie pia. Jamu ya kufungwa na kuuzwa dukani inahitaji alama ya ubora ya KEBS, nawe unayeipika unahitaji cheti cha afya kutoka kaunti. Anza kwa kupika ya nyumbani kwako. Andika kila kipimo na gharama, sukari na gesi zikiwemo. Chupa ya kumi ikitoka sawa na ya kwanza, hapo ndipo uanze kupiga hesabu ya biashara.

Kwa leo, nunua fungu moja tu. Kesho asubuhi mkate wako hautakuwa mkavu.